Ni Chaguo Langu, Lakini Kodi ni Tarehe Tano

Neno "chaguo" tumelitumia hadi limelegea kama noti kuukuu ya mia. Ukivaa sketi fupi, ni chaguo lako. Ukiacha kazi ulee mtoto, ni chaguo lako. Ukiolewa, usipoolewa, ukipaka kucha, usipopaka: chaguo. Siko hapa kulitupa neno hilo. Novemba 2014, baada ya wanaume kumvua nguo mwanamke kwenye steji ya matatu hapa Nairobi wakidai amevaa vibaya, wanawake waliingia barabarani mchana peupe kusema kwamba nguo yangu ni chaguo langu. Nilikuwa darasa la saba. Nakumbuka wamama wa ploti yetu Kibera wakitazama habari hiyo kwa TV ya jirani. Wengine walisema hao wanaoandamana hawana kazi ya kufanya. Mmoja akauliza, "Na ukivuliwa wewe?" Hakuna aliyemjibu. Kabla ya mwaka kuisha, kumvua mtu nguo kwa nguvu kulikuwa kumeandikwa kama kosa katika sheria za jinai. Neno lilifanya kazi yake.

Ila pale palikuwa na mkono. Kuna mtu alikuwa ameshika nguo ya mwenzake. Ukiuondoa mkono, mwanamke anaendelea na safari yake. Mimi kinachonisumbua ni zile siku nyingine zote, ambazo hakuna aliyekushika na bado huendi popote.

Chukua choo. Nimelelewa Gatwekera, na anayejua Gatwekera anajua kwamba choo cha kulipia kikifungwa usiku, kilichobaki kiko mbali na njia haina taa. Mwaka 2010 Amnesty International walitoa ripoti nzima kuhusu wanawake wa mitaa ya mabanda ya Nairobi, na sehemu kubwa ilikuwa hii hii: kwenda chooni usiku ni kujiweka mikononi mwa wabakaji. Sisi hatukuhitaji ripoti, lakini ni vizuri iliandikwa. Watu wa nje hupenda kucheka ile mifuko ya plastiki iliyokuwa ikirushwa usiku Kibera. Wangekaa chini wafanye hesabu, wangeona kwamba mwanamke anayetumia mfuko saa saba za usiku amepima mambo vizuri kuliko anayemcheka. Amechagua, tena kwa akili timamu. Usiniambie maskini hana uwezo wa kuchagua. Huo ni ujeuri uliovaa huruma. Lakini pia usiniambie kwamba kwa sababu amechagua, basi yuko huru na mjadala umefungwa.

Hapo ndipo ufeministi wa mitandaoni huniacha steji. Unauliza mwanamke amechagua nini, halafu tunagawanyika timu mbili kumpigia makofi au kumkemea. Swali ninalolitaka mimi ni la bei. Akikataa, inamgharimu nini? Akitoka, analala wapi usiku huo?

Siku hizi nakaa Kawangware, karibu na Congo. Ukifuata Gitanga Road kwa miguu, muda si mrefu uko Lavington, miti na mageti. Njiani asubuhi utawakuta wamama wameketi kando ya barabara, wamejifunga leso, wanangoja mtu atoke na gari aseme anatafuta mama fua. Gari likisimama, wanainuka kumi. Bei inashuka kabla hata kioo hakijashuka. Mwaka jana nililipwa kuandika ripoti ya warsha moja ya uwezeshaji wa wanawake, hoteli nzuri, chai ya saa nne na samosa. Dada mmoja alisimama akaeleza jinsi alivyojikomboa kutoka kazi za nyumbani, na sote tukapiga makofi, mimi pia, kwa sababu alikuwa anasema kweli. Nguo zake hata hivyo zilifuliwa na mtu. Kuna uwezekano huyo mtu ni jirani yangu, ambaye jioni hiyo hiyo alirudi kufua za kwake, za mumewe na za watoto watatu, kwa maji ya mtungi aliyonunua.

Sitaki yule dada arudi kwa beseni. (Wanaume huruka haraka sana kwenye jibu hilo, kana kwamba mikono yao ni ya karatasi.) Ninachotaka ni bei ambayo ingemwezesha mama fua kukataa kesho. Akiamka na homa, alale. Akifika mahali baba mwenye nyumba anamwangalia vibaya, ageuke arudi. Mshahara ambao haumpi mtu nafasi ya kukataa ni chakula cha leo tu, hata ulipwe na mwanamke mwenzake mwenye fulana ya maandamano.

Lakini nimeanza kufikiria haya kwa sababu ya jambo lililo karibu zaidi. Jamaa yangu ameniambia tuhamie pamoja. Anakaa 46, mimi huku Congo, na hesabu yake ni safi: kodi mbili za nini? Mimi nalipa 5,500 kwa chumba kimoja, na mtu anayeishi kwa kuandika hajui mwezi ujao utaleta nini. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokwama, na hadi leo kuna watu huniuliza kama lilikuwa chaguo langu. Huwa nawajibu ndiyo, ili tubadilishe mada.

Huku kwetu "come-we-stay" haina siku ya kuanza. Unaacha mswaki. Halafu mvua inanyesha, unalala. Halafu sufuria zako zinahamia kwa sababu zake zimetoboka. Wiki ya tatu keyateka anakuita bibi ya fulani, na majirani hawatafuti ushahidi mwingine. Mathe yangu aliingia Kibera 1998 na begi moja. Nikimuuliza aliamua lini kuolewa na baba, husema, "Nilikuja kutembea, nikakaa." Hajawahi kulisema kwa uchungu. Lakini hakuna siku mtu alimuuliza swali akajibu ndiyo, kwa hivyo hakuna siku angeweza kujibu la.

Mahakama nayo imelikuta jambo hili. Tarehe 27 Januari 2023, Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kesi iliyotoka huku huku kwetu Dagoretti: mwanamume na mwanamke walioishi pamoja kwa miaka mingi, wakagombania ploti iliyoandikwa jina la mwanamke. Mwanamume ndiye aliyedai walikuwa mke na mume. Mwanamke alisema hapana. Majaji wakasema ndoa haiwezi kudhaniwa tu kwa sababu watu wamekaa chini ya paa moja. Lazima wote wawili wawe walikusudia na kukubali, na wapo watu wazima wanaoishi pamoja bila kutaka kuwa mke na mume. Mali wakaigawa kwa mchango: asilimia 70 ya mwanamke, 30 ya mwanamume. Wakaongeza kwamba ni wakati Bunge litunge sheria ya watu wanaoishi hivi.

Niliposoma nilifurahi, manze. Mwanamke anaweza kukaa na mtu miaka na miaka asigeuzwe mke wa mtu ambaye hakukubali kuolewa naye. Hilo ni chaguo kweli kweli.

Kisha nikamfikiria jirani yangu. Mlango uliofunguliwa kwa yule mama mwenye ploti unamfungukia pia mwanamume yeyote wa Kawangware atakayesema, "Huyu? Tulikuwa tunakaa tu." Mke wa ndoa ana Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013, ambayo inahesabu kupika, kulea na kutunza nyumba kuwa mchango. Siku ile ile ya Januari mahakama hiyo ilisema, katika kesi nyingine, kwamba hata mke hapati nusu moja kwa moja. Ni lazima aonyeshe alichochangia. Lakini angalau sheria imelitaja beseni lake. Jirani yangu akiambiwa hakuwa mke, itabidi athibitishe aliweka nini, na ni nani aliwahi kuweka risiti ya sukuma ya shilingi ishirini? Kodi hutumwa kwa M-Pesa kutoka simu ya mwanamume. Yeye alilipa chakula, sabuni, maji, daftari za shule, vitu ambavyo vikitumika vinaisha bila kuacha karatasi. Akitoka leo, anatoka na watoto na leso.

Kwa hivyo sioni aibu kupiga hesabu kabla ya mapenzi kunihamisha. Marafiki zangu wengine wanasema nimeharibiwa na vitabu, ati ukianza na karatasi umeshapanga kuachana. Mmoja, aliye na digrii na mume wa kanisani, aliniambia mfeministi wa kweli hangehamia kwa mwanamume hata kidogo. Huyo analipiwa kodi na mumewe na simlaumu, ila asinipimie uhuru kwa futi za nyumba yake. Mimi nampenda huyu jamaa. Anafua zake mwenyewe, na chapati zake zinashinda zangu. Ninachokataa ni kuingia kama mgeni na kuamka siku moja mimi ni mkaaji.

Nimemwambia tutafute keja mpya, si yake wala yangu, na mkataba uwe na majina mawili. Kila mtu atume nusu ya kodi kutoka simu yake, hata kama yangu itachelewa siku mbili. Chama changu cha Jumapili kiendelee, na pesa zake asiziulize. Jamaa alifikiri kidogo, akasema sawa, akauliza kama kitanda pia kitaandikwa majina mawili.

Keyateka wa kwanza tuliyemwona, nyumba za mawe nyuma ya soko, alisikiliza hadi mwisho kisha akacheka. Kitabu chake cha risiti kina mstari mmoja wa jina. Akamgeukia jamaa, akamuuliza, "Sasa niandike la nani?"