Ahadi Aliyopewa Mtoto

Ahadi ni deni, husema watu. Neno hilo hukubaliwa na wote, mtu anapomwahidi mkubwa mwenzake. Aliyeahidi kulipa mbuzi siku ya soko hulipa, maana anaogopa baraza la wazee. Lakini aliyemwahidi mtoto je? Mtoto hana baraza, hana shahidi, na kesho atakuwa amesahau: ndivyo wanavyojidanganya wakubwa wengi. Basi swali ni hili: Je, ahadi aliyopewa mtoto yamfunga mkubwa sawasawa na ahadi nyingine? Na ikiwa yamfunga, je, aitimize hata kwa hila?

Mfano ufuatao umetoka mbali, lakini jambo lenyewe laweza kutukia katika kila kijiji.

Katika nchi ya Uholanzi, si mbali na mpaka wa Ubelgiji, kuna mji mdogo uitwao Kaatsheuvel. Mwaka 1935 kilifunguliwa huko kiwanja cha michezo, kwa shauri la mapadre wawili wa parokia, ili vijana wapate mahali pema pa kucheza na kutembea. Kisha, tarehe 31 Mei 1952, bustani kubwa ikafunguliwa hapo hapo, jina lake Efteling. Ndani yake mna msitu wenye nyumba na sanamu za ngano za kale, zilizobuniwa na mchoraji Anton Pieck. Miaka ilipopita, vikaongezwa vyombo vya kuwachukua watu kwa kasi, wapate kuogopa na kucheka. Watu hulipa kiingilio, hushinda humo mchana kutwa, na jioni hurudi kwao.

Chombo kimoja kilianza kazi mwaka 2015, nacho huitwa Baron 1898. Kimefanywa kwa mfano wa mgodi wa dhahabu. Gari hupandishwa polepole mpaka juu kabisa, husimama kidogo ukingoni, kisha huporomoka wima na kuingia shimoni, meta 37 na nusu kwa mara moja, na kasi yake hufika kilometa 90 kwa saa. Kila aketiye humo hushikwa kitini kwa vyuma. Sheria ni kwamba asiyefikia urefu wa sentimeta 132 haruhusiwi kupanda. Sheria hiyo haikuwekwa kwa kuwadharau wadogo. Vyuma vile vimepimwa kwa mwili wa kadiri fulani. Mwili ulio mdogo kuliko huo hauna hakika ya kushikwa.

Sasa fikirini Mkongo mmoja anayekaa Ubelgiji kwa kazi. Dada yake ana watoto wawili, msichana wa miaka 14 na mvulana wa miaka 9. Siku moja mjomba huyo, kwa furaha tu, bila kuuliza sheria za mahali, akawaambia: «Jumamosi nitawapeleka Efteling. Nawe, mwanangu, utashuka mgodini pamoja nami.» Mvulana karibu asilale usiku wa Ijumaa.

Walipofika wakapanga mstari pamoja na watu wengi. Mlinzi akamsimamisha mvulana penye kipimo: sentimeta 130. Zilipungua mbili tu, upana wa kidole gumba. «Mjomba, uliahidi,» akasema mtoto, wala hakuongeza neno. Ndipo dada yake akamvuta kando, akaikunja karatasi waliyofungia mikate, akaitia ndani ya viatu vyake. «Turudi mstarini,» akanong'ona, «labda tutapimwa na mlinzi mwingine.» Mjomba akaona yote. Afanye nini?

Yuko atakayesema: «Anyamaze, awaache. Ahadi ni deni, na sentimeta mbili si kitu.» Hapo pana kosa. Deni hulipwa kwa mali ya mdeni mwenyewe. Mwenye deni la mbuzi hawezi kulipa mbuzi wa jirani. Ruhusa ya kupanda gari lile si mali ya mjomba. Ni ya wenye bustani, ambao wataulizwa habari za mtoto likitukia la kutukia. Tena atakayetiwa hatarini si yeye aliyeahidi, bali ni mtoto, asiyeweza kuipima hatari ile. Na sentimeta mbili ni kitu. Kila mpaka una mtu aliye karibu nao. Ukisogezwa leo kwa ajili ya mwenye 130, kesho mwenye 128 atadai naye, na mwishowe hakuna mpaka tena.

Yuko mwingine atakayesema: «Basi ahadi imekufa. Amnunulie mtoto kitu kitamu, anyamaze, na lawama iwe juu ya mlinzi.» Njia hii ni nyepesi, nao wakubwa huipenda. Lakini ni uongo vilevile. Mlinzi hakuahidi kitu. Mtoto akifundishwa kumchukia, atajifunza kwamba kila sheria inayomzuia ni adui yake, na kwamba mkubwa hakosi kamwe. Na kitu kitamu hufunga kinywa tu, hakilipi deni.

Njia ya haki ni ipi, basi? Aliyeahidi kitu kisicho chake hafungwi kukitoa, lakini amefungwa kukiri kosa lake. Mjomba akachuchumaa mpaka macho yake yakalingana na macho ya mtoto, akasema: «Mwanangu, mlinzi hana kosa, wala wewe huna kosa kwa kuwa mfupi. Kosa ni langu. Nilikuahidi neno nisilolijua. Unisamehe.»

Mtoto akageuza uso. Hakusamehe saa ile, wala mjomba hakumlazimisha, maana aombaye msamaha hapangi saa ya kuupata. Akamruhusu msichana apande peke yake, kwa kuwa urefu wake ulitosha, na furaha yake haikumwibia ndugu yake kitu. Mjomba naye alitamani sana kushuka, lakini akabaki chini pamoja na mtoto.

Baadaye wakapita penye sanamu ya mtu mnene aliyeachama kinywa, aitwaye Holle Bolle Gijs. Sanamu za namna hiyo zimo bustanini tangu mwaka 1959; huwaita watoto wazilishe karatasi za kutupwa, kisha hushukuru kwa sauti. Mvulana akaketi, akavua viatu, akatoa karatasi ile na kuitia kinywani mwa sanamu. Sanamu ikashukuru. Dada yake akacheka, naye akacheka kidogo.

Jioni, nyumbani, mjomba akamsimamisha penye mwimo wa mlango, akachora alama ya urefu wake, na alama nyingine juu yake, upana wa kidole gumba. «Utakapofika hapa,» akasema, «nikiwa mzima, nikiwa na nauli, na sheria ikiwa ile ile, tutarudi.» Mtoto akasikiliza mpaka mwisho, akauliza: «Na usipokuwa na nauli?» Mjomba akajibu: «Nitakuambia mapema.»

Basi jibu la swali ni hili. Ahadi aliyopewa mtoto hufunga sawasawa na ahadi nyingine, hata zaidi, kwa sababu mtoto hana pa kushitaki. Kijijini hakuna bustani kama ile, lakini ahadi zimo: kumchukua mpwa sokoni, kumpeleka ziwani siku ya kuvua, kumnunulia kanzu kwa sikukuu. Kabla ya kuahidi, mtu aulize kwanza kama jambo lenyewe liko mikononi mwake. Na akiwa amekwisha kukosa, asitafute karatasi ya kutia viatuni, wala mlinzi wa kulaumiwa. Achuchumae, aseme kweli.