Haki ya Mpita Njia juu ya Barafu
Katika maziwa ya Minnesota, Marekani, ambako wakati wa baridi maji huganda hata watu wakatembea juu yake, mvuvi hupima kwanza unene, sentimita 10 za barafu safi kwa uchache, akatoboa kwa keekee, akateremsha mshipi mbali na jirani yake, na jioni akaenda zake. Ndipo lizukapo suala zito: ana wajibu gani kwa asiyemjua, atakayepita kesho? Shimo lile hutanda barafu nyembamba, kisha theluji, jicho lisilitambue. Nami naitakidi kwamba kulisimikia tawi la msonobari ni ibada hasa, kwa kuwa halina shahidi wala shukrani, na anayeokolewa nalo hata hajui kwamba alikuwa hatarini.