Kunoa na Kucheka: Uadilifu wa Utani wa Mafundi wa Mbao

Katika Mji wa Kale wa Mombasa, sanaa ya mbao huonekana kwanza milangoni: miimo na vizingiti vya nakshi katika Ndia Kuu huvutia macho ya mgeni na mtafiti. Maneno ya karakanani hayavutii macho hivyo. Hata hivyo, utani wa mafundi kuhusu patasi butu, vinoo na cherehe ni semi zenye dhamira, na huzua swali la kimaadili: ni lini kicheko cha fundi ni haki, na ni lini ni dhuluma?

Chanzo cha utani huu kimo katika kazi yenyewe. Mkerezaji wa matendegu ya kitanda cha samadari hushikilia patasi huku mti ukizunguka mbele yake. Makali huliwa upesi, naye hulazimika kunoa mara kwa mara. Kinoo cha maji huenda polepole. Cherehe ya umeme huharakisha, lakini asiye na subira huunguza ncha: chuma hugeuka rangi ya samawati na kupoteza ugumu wake. Hivyo chombo kilichobuniwa kuondoa ubutu chaweza kuuzidisha. Lugha nayo imeiona kejeli hiyo: kunoa ni kutia makali, ilhali katika maongezi ya mitaani aliyekosea huambiwa "umenoa". Fundi anayekusanya vifaa vya kunolea hata asibakiwe na wakati wa kukereza, amenoa kwa maana zote mbili.

Henri Bergson, katika kitabu chake Le Rire cha mwaka 1900, alikiona kicheko kuwa adhabu ndogo ya jamii kwa mtu aliyegeuka kama mashine. Nadharia hii yamfaa fundi aliye mtumwa wa vifaa vyake. Haimfai mwanagenzi, ambaye ubutu wa patasi yake ni hatua ya kujifunza tu. Aristotle alikwisha kuuwekea ucheshi mpaka: kasoro ya kuchekesha ni ile isiyoleta maumivu wala maangamizi.

Watetezi wa utani watasema kuwa maneno makali hayavunji mfupa, na kwamba mzaha humfunza kijana kuliko karipio. Hoja hiyo ina uzito, kwani karipio humtenga mkosaji, ilhali mzaha humwalika acheke pamoja na wenzake. Lakini utani kimila ni mkataba wa pande mbili: mtani hutania, naye hutaniwa. Karakanani mkataba huo huenda upande, kwa kuwa anayechekwa ndiye anayetumwa kunoa patasi za anayecheka. Heshima kwa mwalimu na haja ya riziki humfunga kinywa. Mfupa hauvunjiki, kinachovunjika ni ujasiri wa kuuliza, na mwanagenzi asiyeuliza hubaki butu.

Kwa hiyo kipimo cha uadilifu wa utani huu hakimo katika ukali wa maneno, kimo katika nafasi ya kujibu. Je, mwanagenzi aweza kulishika tendegu lililokwaruzika la fundi mkuu, akalicheka mbele yake, na kesho yake akapokewa kazini? Penye ruhusa hiyo, kicheko ni kinoo, kwa kuwa kinoo nacho huliwa kila kitiapo makali. Pasipo na ruhusa hiyo, ni cherehe izungushwayo na mtu mmoja, na chuma kinachoungua ni cha mwingine.