Barua Iliyoishia Dar es Salaam

Mgeni aliteremka Kilosa mwishoni mwa Februari, kibali chake cha utafiti kutoka Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, kikiwa ndani ya bahasha ya plastiki. Alikuwa mtaalamu wa vimelea, mtu mwema na mchapakazi. Alitaka kuokota vinyesi vya nyani kwenye mashamba ya vijiji vilivyo jirani na Hifadhi ya Mikumi, alinganishe minyoo yao na ya binadamu. Mimi nilikuwa dereva na mkalimani wake. Nasimulia haya kwa sababu kosa la kwanza lilikuwa langu.

Kibali cha COSTECH ni mlango wa nje tu. Anayetafiti wanyamapori hupitia pia TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, na hifadhini haingii bila ruhusa ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Kisha barua hushuka: Katibu Tawala wa Mkoa pale Morogoro, Katibu Tawala wa Wilaya pale Kilosa, Mkurugenzi wa halmashauri, kata, hadi kwa mtendaji na mwenyekiti wa kijiji. Nilijua yote hayo. Lakini mgeni alikuwa na wiki tano tu, na masika yakishika, mbuga ya Mkata hugeuka tope linalomeza magari. Akaniuliza kama tungeweza kuanza kazi huku barua zikitufuata. Nikamjibu, "Twende, tutaelewana nao."

Kuna mahali ambapo hakuna anayefikiria kuanza hivyo. Kule Antaktika, kituo cha Palmer cha Wamarekani hakilazi hata watu 50. Mwanasayansi huomba nafasi mapema mno, hupimwa afya mpaka meno, na mpango wake huchunguzwa usije ukadhuru mazingira. Hakuna anayeona ni usumbufu, maana kila mtu anaiona bahari na barafu. Mikumi hudanganya macho. Barabara kuu ya Iringa inakatiza katikati ya hifadhi, basi lolote litakushusha, na nyani wenyewe wamekuwa wakifuatiliwa na watafiti tangu miaka ya 1970. Mgeni hudhani mahali palipozoea watafiti pamekwisha kumkubali.

Siku ya tatu, katika kijiji kimoja upande wa barabara ya Kilosa–Ulaya–Mikumi, mwenyekiti alitukuta shambani kwa mtu. Nilimwamkia. "Marahaba," akasema. "Mwanangu, huyu mgeni wako amekaribishwa na nani?"

Mgeni akatoa kibali. Mzee akakisoma chote, polepole, akakikunja kama kilivyokuwa.

"Hiki kimeandikwa Dar es Salaam. Hapa hakijafika. Kuna waliokuja kabla yenu wakachukua vinyesi vya watoto wetu, wakaahidi majibu. Mpaka leo tunangoja."

Hakupaza sauti. Aliagiza tu tuache kazi hadi serikali ya kijiji ikae. Tukarudi Kilosa kutafuta zile barua tulizoziruka, na zilipokamilika mvua ilikuwa imeanza. Vichupa vya siku tatu vilibaki kwenye jokofu la mwenyeji wetu, kwa kuwa hata kuvitoa nchini kunataka kibali chake chenyewe, nacho hatukuwa tumekiomba. Mgeni akapanda ndege mikono mitupu. Alihuzunika, lakini kwao alikuwa na maabara nyingine na mradi mwingine.

Mwaka uliofuata alikuja binti mmoja wa shahada ya uzamili kutoka Morogoro, Mtanzania, na swali linalofanana na lile. Barua zote alikuwa nazo, zimegongwa mihuri kila ngazi. Fedha zake zilitosha siku kumi na nne. Nilimpeleka mwenyewe kwa mwenyekiti, naye akamkaribisha kiti, akazisoma barua, akanitazama mimi.

"Wewe si ndiye uliyekuja na yule?"

Nikakubali. Akamwambia binti kwamba barua zake ni nzuri, ila wanakijiji watataka kuulizwa wenyewe, na mkutano mkuu ulikuwa umepangwa baada ya siku kumi na moja. Binti akashukuru kwa adabu. Tulipokuwa njiani kurudi alifungua daftari lake, akaanza kufuta majina ya mashamba.