Kiti cha Milansi na Maiti wa Delium

Mchezo wa vita, yaani mchezo ambamo watu wawili huongoza majeshi madogo ya mfano juu ya meza kwa kufuata kanuni zilizoandikwa, wakitumia rula, dado na akili, huleta swali ambalo wanafalsafa na wanateolojia hawajalimaliza: je, tendo ambalo likitendwa kweli ni msiba, laweza kutendwa kwa mfano likawa burudani halali? Swali hilo lina uzito wa pekee likiulizwa Sumbawanga, juu ya uwanda wa Ufipa ulio kati ya Ziwa Tanganyika na bonde la Rukwa, kwa kuwa wenyeji wa uwanda huo wameingia katika vitabu vya elimu ya jamii zaidi kwa sababu ya amani waliyoijenga kuliko kwa sababu ya vita walivyopigana. Ichukuliwe basi, kwa ajili ya hoja, kwamba vijana wanane wa mji huo wanataka kuandaa mashindano madogo ya vita vya Ugiriki ya kale: meza nne, raundi tatu, Jumamosi moja.

Maandalizi yenyewe yanawezekana kwa gharama ndogo. Kanuni ziitwazo De Bellis Antiquitatis, ambazo Mwingereza Phil Barker na wenzake walizitoa mara ya kwanza mwaka 1990, humpa kila mchezaji vikosi 12 tu na uwanja wa mraba wenye upande wa sentimita 60 hivi, na pambano kwa kawaida huisha ndani ya saa moja. Sanamu za kununua si za lazima. Vijiweni kote Tanzania drafti huchezwa kwa vizibo vya soda, mmoja akivilaza chali na mwenzake kifudifudi, na kizibo kilicholala chali, meno yake yakitazama juu, hupokea vizuri donge la udongo wa mfinyanzi lililochomekwa njiti ya kiberiti. Njiti hiyo ndiyo mkuki. Kazi ngumu ya mwandaaji ni nyingine: kupanga nani akutane na nani, mshindi akipewa mshindi mwenzake na aliyeshindwa akipewa aliyeshindwa, ili asiwepo mtu wa kurudi nyumbani kabla ya jioni; kumteua mwamuzi ambaye neno lake litakubaliwa; na kuamua ni jambo gani la vita liwekwe mezani na lipi liachwe nje. Uamuzi huo wa mwisho unaonekana mdogo, lakini ndani yake ndimo lilimojificha swali lote.

Plato, katika kitabu chake kirefu cha uzeeni kiitwacho Sheria, anawalaumu watu wanaodhani kwamba vita ndilo jambo zito na mchezo ni upuuzi. Kwake, ndani ya vita hamna mchezo wa kweli wala malezi ya kweli, na kwa hiyo mwanadamu anapaswa kuishi kwa amani akicheza michezo iliyo bora, yaani kutoa sadaka, kuimba na kucheza ngoma, ili awapendeze miungu. Kwa kauli hiyo mchezo ni wa amani, na mchezo wa vita ungekuwa mkanganyiko. Hata hivyo kitabu hichohicho kinaagiza raia wa mji bora wafanye mapambano ya mfano mara kwa mara, tena kwa silaha zenye hatari kiasi, na kinakubali kwamba mtu akiuawa humo kwa bahati mbaya aliyemuua atakaswe na ahesabiwe hana hatia. Plato hakuweza kuutenga mchezo na vita kwa ukamilifu alioutaka, na kushindwa huko kwa mtu wa akili kama yake kunastahili kuchukuliwa kwa uzito.

Kanisa Katoliki, ambalo mizizi yake Ufipa inatoka kwa Wamisionari wa Afrika waliofika Karema mwaka 1885, lilirithi kwa njia ya Thomas Aquinas neno la Aristotle, eutrapelia, yaani fadhila ya mtu anayejua kucheza kwa kiasi. Aquinas anaweka masharti, na la kwanza ni kwamba furaha ya mchezo isitafutwe katika matendo au maneno maovu au yenye kudhuru. Katika Uislamu nao, wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, yaliyoenea pwani ya Afrika Mashariki, waliuona mchezo wa sataranji kwa jicho la upole kuliko wengine, mradi usiwe kamari wala usimsahaulishe mtu sala, ilhali mchezo wa nardi, ambao huendeshwa kwa dado, ulikatazwa katika hadithi. Mwandaaji mwenye wachezaji Waislamu atapaswa kulifikiria hilo kabla hajaweka dado mezani. Lakini sharti la Aquinas ndilo linalobana zaidi. Mchezaji akisema kwamba anafurahia hesabu ya nafasi na hafurahii kifo, amesema kweli, ila ni kweli inayoteleza, kwa sababu hesabu hiyo ilibuniwa na watu waliokuwa wakihesabu vifo.

Historia ya Ufipa yenyewe inaweza kulisogeza swali hili mbele. Katika miaka ya 1840 Wangoni wa Zwangendaba, waliovuka Mto Zambezi mwaka 1835, walifika uwandani humo wakiwa jeshi lililozoea ushindi. Zwangendaba akafia huko, na warithi wake wakagawanyika na kutawanyika, wengine kuelekea kaskazini, wengine kusini. Baada ya zama hizo za fujo Wafipa, chini ya dola mbili za ukoo wa Twa, Nkansi na Lyangalile, walijenga maisha ya kilimo, uhunzi na biashara yaliyotulia kiasi kwamba mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyefanya utafiti kwao katika miaka ya 1960, aliiita amani hiyo fumbo katika makala yake ya mwaka 1989. Hapo wanaokosea ni wale wanaodhani kwamba watu wapole ni watu wasiojua vita. Wafipa walivijua.

Katika masimulizi yao ya asili kuna kisa cha Milansi, himaya ya kale ya wahunzi. Wanawake wageni wa ukoo wa Twa walifika mtemi akiwa hayupo, wakakikalia kiti chake, na aliporudi akakuta jambo limekwisha. Mkuki haukurushwa. Utawala wa nchi ukapita kwa Watwa, na Milansi ikabaki na eneo lake na heshima yake ya kiibada. Hapana haja ya kukisoma kisa hiki kama kumbukumbu ya siku fulani. Maana yake inatosha. Ushindi ule ulikuwa ushindi kwa sababu pande zote mbili zilikubali kwamba kiti ni kiti, na kwamba aliyekikalia amekikalia. Kabla ya shindano kulikuwa na makubaliano, na aliyeshindwa aliendelea kuwa mtu mwenye mahali pake. Hivyo ndivyo mchezo wowote ulivyo katika kiini chake, na hivyo ndivyo ratiba ya raundi tatu inavyojaribu kuwa kwa namna yake ndogo.

Wagiriki nao walikuwa na makubaliano ya namna hiyo ndani ya vita vyenyewe. Hopliti, yaani askari wa miguu mwenye ngao kubwa ya duara na mkuki, alipigana ndani ya falanksi, safu zilizosongamana ambamo ngao ya mtu ilimkinga pia jirani wa kushoto. Pambano lilipokwisha, upande ulioshindwa ulituma mpiga mbiu kuomba maiti wake, na kuomba huko kulikuwa ndiko kukiri kushindwa. Mshindi alipaswa kuwatoa. Mwaka 424 kabla ya Kristo, huko Delium katika nchi ya Boiotia, desturi hiyo ilivunjika. Waathene walikuwa wamegeuza hekalu la Apollo kuwa ngome na kuyatumia maji matakatifu kwa mahitaji ya kawaida. Waboiotia, ambao mrengo wao wa Thebes ulijipanga kwa kina cha watu 25 dhidi ya Waathene wenye kina cha watu 8, waliwashinda, na karibu hopliti 1,000 wa Athene walikufa pamoja na jemadari wao Hippocrates. Mpiga mbiu alipokuja, Waboiotia walimjibu kwamba wanaolinajisi hekalu watoke kwanza ndipo wachukue wafu wao. Pande zote mbili zilitoa hoja za dini, kila upande ukimtaja mungu, na maiti walilala uwanjani hadi siku ya 17, ngome ilipotekwa kwa moto. Socrates alikuwamo katika jeshi lile lililokimbia, naye kwa masimulizi ya Plato alirudi nyuma kwa hatua za utulivu, akitazama huku na huku.

Kanuni za mezani kwa kawaida hazina mahali pa siku hizo 17. Kikosi kikishindwa huondolewa mezani, basi. Lugha ya michezo ya Kiswahili, kwa upande wake, haijifichi hivyo: katika drafti na katika bao kete huliwa, na neno kula halipunguzi ukali wa jambo. Tena bao la Kiswahili, lenye kete 64, halitoi kete nje ya ubao. Zilizoliwa hupandwa upande wa aliyezila na kumfanyia kazi dhidi ya wenyewe wa jana, kama mateka ambao Wangoni waliwaingiza katika vikosi vyao. Anayecheza bao kwa makini anayo mkononi habari ya vita ambayo sanamu za Ulaya hazina.

Ipo pia historia ya kuonya. Mchezo wa vita wa kisasa ulikuzwa Prussia mwanzoni mwa karne ya 19 kufunza maofisa, mwandishi Mwingereza H. G. Wells akautetea mwaka 1913 kwa matumaini kwamba vita vya sebuleni vingewachosha watu na vita vikubwa, na mwaka uliofuata vita vikubwa vikaanza, vikaja kukoma Afrika Mashariki kwa jeshi la Wajerumani la von Lettow-Vorbeck kusalimu amri tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, Mbala ya leo, karibu na mpaka wa Ufipa. Mchezo haukuzuia kitu. Kwa hiyo uhalali wake hauwezi kutafutwa katika madai kwamba unaleta amani. Utafutwe katika ukweli wa kile unachokiweka mezani.

Kwa sababu hiyo mwandaaji wa Sumbawanga angefanya vyema kuichagua Delium kwa raundi ya mwisho, na kuongeza kanuni moja. Vikosi vilivyoshindwa visiondolewe, bali vilazwe pale vilipoangukia. Aliyeshindwa aombe kwa sauti arudishiwe wafu wake, na mshindi amkabidhi kizibo kimoja kimoja, mkono kwa mkono. Anayeongoza Waboiotia aruhusiwe kukataa, kwa kuwa Waboiotia wenyewe walikataa. Na akikataa, mtu asiguse meza, njiti zikiwa zimelala chini, wakati mwamuzi akihesabu polepole, moja hadi kumi na saba.