Kipimo cha Kisichoshikika

Asubuhi hapa Bonga, kabla malori ya Dodoma hayajaanza kupita, mwali mmoja wa jua hupenya ufa wa dirisha na kukikata chumba kizima. Ndani yake vumbi linaelea. Pembeni vumbi ni lilelile, ila halionekani. Nimekaa sana na jambo hili: chumba kimejaa, na macho yangu yanangoja mwanga uje kutoka ubavuni ndipo yakubali.

Wanaopima eksosomu hufanya vivyo hivyo. Eksosomu ni vifuko vinavyotolewa na seli, zikiwemo seli shina, vyenye utando wa mafuta nje, na ndani protini na vipande vya RNA. Kipenyo chake ni nanomita 30 hadi 150. Ukivipanga vya nanomita 100 mstari mmoja, vinahitajika kama 75 kuvuka upana wa chembe moja nyekundu ya damu. Hadubini ya kawaida haiwezi kuonyesha umbo lake. Basi kimiminika chenye vifuko hupigwa mwali wa leza, na vifuko vinang'aa kama nukta. Nukta hizo hazitulii. Molekuli za maji zinazisukuma huku na huko, mtikisiko alioutazama Robert Brown mwaka 1827 na Einstein akaupatia hesabu mwaka 1905. Kamera inazifuata, mara nyingi kwa sekunde 60. Kilicho kidogo huhangaika zaidi, kikubwa hujikokota. Ukijua joto la maji na mnato wake, mahangaiko yenyewe yanakupa ukubwa. (Vumbi la dirishani kwangu hubebwa zaidi na hewa, sitaki kulisingizia.)

Hapo moyo wangu hutulia. Kitu hakikushikwa wala kubanwa kwenye rula. Kimeachwa katika hali yake, mtu akakitazama kwa subira, nacho kikajieleza. Kuna njia ya kukikausha na kukipeleka kwenye hadubini ya elektroni, na kwa miaka mingi picha zake zilionyesha vikombe vilivyobonyea. Vifuko vilipogandishwa upesi ndani ya maji yake vikaonekana vya mviringo. Kubonyea kule kulitoka mikononi mwa wapimaji. Ni watu wangapi tumewapima baada ya kuwakausha, tukaandika kwamba ndivyo Mungu alivyowaumba?

Huku kwetu kipimo ni jambo zito. Mkulima wa mbaazi na mahindi anaijua lumbesa, gunia lililoongezewa kilemba na kulipwa kama gunia moja. Kamera nayo inahesabu nukta bila kujua ni za nani, na tone la mafuta ya damu lenye ukubwa uleule huingia kwenye hesabu. Kwa hiyo mtafiti mkweli hatosheki na kipimo kimoja. Huangalia chaji ya utando, ambayo kwa kawaida ni hasi, na protini za utambulisho. Wanaouza chupa za eksosomu kama dawa ya kila maradhi hawana subira hiyo. Desemba 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya wagonjwa wa Nebraska kudhurika. Hiyo ni lumbesa iliyoingizwa mwilini mwa mtu.

Habari ya eksosomu ilianzia kwenye damu ya kondoo. Mwaka 1983 Rose Johnstone na wenzake huko Montreal waliona chembe changa nyekundu za kondoo, zikikomaa, zikitupa nje vipokezi zisivyovihitaji tena, vikiwa kwenye vifuko. Ilionekana ni kutupa taka tu. Mwaka 2010 kundi la Sai Kiang Lim huko Singapore likaonyesha kwamba eksosomu za seli shina zilipunguza jeraha la moyo wa panya uliokatiwa damu. Jioni kondoo wakivuka barabara hapa Bonga, siku hizi nawapisha kwa heshima.

Eksosomu za seli shina bado si tiba ya mtoto wa Bonga. Seli shina zenyewe zimeshakuwa: tangu 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, huko Dodoma inakoelekea lami hii, inapandikiza uboho, wenye seli hizo, kwa watoto wenye selimundu. Mtoto hupandishwa kwanza kwenye mizani, kwa sababu seli atakazopewa huhesabiwa kwa kila kilo ya mwili wake.