Je, Kuzidisha ni Huruma?

Tumeulizwa: Mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi yake kutimia akitiwa damu hospitali, je, yafaa? Na ikiwa yafaa, kwa nini matabibu wengine huona apewe kwa uchache, ilhali damu ipo na mtoto yu katika khatari ya roho yake?

Fungu la kwanza la suali hili halitatuchukulia muda. Kumtia mtu damu ili kuokoa roho yake ni jambo lililoruhusiwa kwa ajili ya dharura, na linaloruhusiwa kwa dharura hupimwa kwa kadiri ya dharura hiyo. Fungu la pili ndilo lenye faida kubwa, kwani ndani yake mna suali jingine: mwenye kutaka kheri, je, yamtosha nia yake njema, au ni wajibu wake pia kujua tendo lake laishia wapi?

Tazama kwanza, ndugu msomaji, hali ya mtoto huyu. Wapo wanaozaliwa katika mwezi wa sita, na uzito wao hautimii kilo moja. Mtoto wa gramu 700 damu yake yote ni kama mililita 60, nayo haizidi sana finjani moja ya kahawa. Kila anapotolewa damu ya kupimwa, finjani hiyo hupungua, na mwili wake bado haujaweza kuijaza upesi. Na ndani ya ubongo wake, kandokando ya vyumba vya maji, mna mishipa laini mno, ambayo katika siku za mwanzo hupasuka kwa sababu ndogo. Ikipasuka, damu humwagika ubongoni, na mtoto aweza kufa, au akaishi na udhaifu wa viungo au wa akili.

Basi matabibu walisimama baina ya khofu mbili. Walikhofia kwamba damu ikiwa chache ubongo utakosa oksijeni, na walikhofia kwamba kumtia damu nyingi ya mtu mzima kutamletea madhara mengine. Penye khofu kama hiyo, moyo wa mwanadamu huelekea kwenye kuzidisha. Huona kwamba kutoa ni huruma na kuzuia ni ukatili.

Khasa ndivyo ilivyokuwa katika zile chembe za kugandisha damu. Ilisemwa: mtoto akiwa nazo chache aweza kutokwa na damu ubongoni, basi tumwongeze, asitokwe. Kiyasi hiki ni chepesi kufahamika, na kwa miaka mingi watu walikifuata. Kisha matabibu wa Uingereza, Ireland na Uholanzi waliwachukua watoto 660 waliozaliwa kabla ya wiki 34, wakawagawa makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi moja waliongezwa zinaposhuka chini ya 50,000 katika kila mikrolita ya damu, na la pili wakangojewa mpaka zishuke chini ya 25,000. Khabari zao zilitolewa mwaka wa 2019. Katika muda wa siku 28, waliokufa au kutokwa na damu nyingi walikuwa 26 katika kila mia kwa waliopewa mapema, na 19 kwa waliongojewa. Mwaka wa 2023 zikatolewa khabari za watoto hao walipofika miaka miwili: waliokufa au kubaki na udhaifu wa akili na viungo walikuwa 50 katika mia kwa kundi la kwanza, na 39 kwa kundi la pili. Hakuna katika matabibu wale aliyetaka shari, lakini waliopewa zaidi ndio waliodhurika zaidi.

Ama damu nyekundu, khabari zake ni nyingine. Mwaka wa 2005, huko Iowa katika Marekani, watoto 100 walionyesha kana kwamba uchache wa damu ndio unaodhuru ubongo. Baadhi yao walipopimwa tena wakiwa wanafunzi wa skuli, ikaonekana kinyume chake, kwamba waliotiwa kwa wingi ndio wenye ubongo mdogo. Mwaka wa 2020 zikatoka khabari za makundi makubwa: watoto 1,824 wa Marekani na 1,013 wa Ulaya. Katika wale wa Marekani, waliokufa au kubaki na udhaifu kufikia miaka miwili walikuwa 50 katika mia, katika kundi hili na lile. Wa Ulaya pia hawakukhitalifiana kwa kiasi cha kutegemewa. Basi kuzidisha hakukumnufaisha mtoto wala hakukumdhuru.

Huenda mtu akasema: "Kuwagawa watoto wachanga kwa bahati nasibu ni kuwachezea viumbe wasioweza kusema." Kauli hii ina haki ya kujibiwa. Zaidi ya miaka elfu iliyopita, tabibu Ar-Razi alieleza katika kitabu chake Al-Hawi kwamba wagonjwa wa uvimbe wa ubongo aliwatoa damu baadhi yao, na wengine akawaacha kwa makusudi, ili aujue ukweli. Alikuwa na nia ya kujua, lakini hakuwa na kipimo cha kutosha, na dawa aliyoisifu leo haitumiwi kwa maradhi hayo. Nasi twasema: mtoto anayetiwa kwa mazoea tu, naye yumo katika majaribio, ila ni majaribio ambayo hapana anayeandika mwisho wake. Akidhurika, hatajulikana, na atakayemfuata atadhurika vivyo hivyo.

Lakini jambo hili lina masharti. La kwanza, shaka iwe ya kweli. Kwani mwenye kujua lililo bora kisha akapiga bahati nasibu, huyo amedhulumu. La pili, mzazi aelezwe kwa lugha anayoifahamu na atoe idhini yake. La tatu, matokeo yatangazwe, yakipendeza au yasipopendeza. Watu wa kwetu tumeyaona haya. Mwaka wa 2011 zilitolewa khabari za watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania, mahututi kwa homa na kukosa mzunguko mzuri wa damu. Waliotiliwa maji mengi ya mshipa kwa haraka, kama ilivyokuwa desturi, walikufa zaidi ya 10 katika mia. Wasiotiliwa hivyo, 7.

Wala asifahamu mtu kwamba damu ni mbaya, au kwamba kumwacha mtoto bila ya matibabu ni hekima. Wale waliongojewa nao walitiwa damu walipofikia mpaka wao, na waliangaliwa usiku na mchana. Kungoja bila ya kuangalia ni kupuuza. Wenye afya wasiache kutoa damu zao, na wakunga wasiharakishe kukata kitovu pasipo na dharura, kwani kungoja hata nusu dakika humpa mtoto damu yake mwenyewe na kupunguza haja ya damu ya mwingine.

Nia njema ni mwanzo wa amali, nayo haimwondolei mtu wajibu wa kuuliza. Mzazi atakayeambiwa, "Leo hatumtii damu, twamwangalia," asidhani kwamba mwanawe amenyimwa. Na aulize sababu, kwani kuuliza ni haki yake na kumjibu ni wajibu wa tabibu.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.